Somo Aliyekaa Mlangoni

Ukialikwa harusini Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, wakati ule, kwenye sherehe ya wanawake watupu, ulimkuta Somo kabla hujamwona bibi harusi. Alikaa dakani, kwenye kibaraza cha mawe cha mlangoni, mguu mmoja ameukunja na mwengine ameunyosha ukizuia nusu ya njia. Pembeni yake palikuwa na kikapu cha ukindu. Hakusema karibu. Alisema, "Simu." Ukimwambia umeiacha nyumbani, alitazama mkoba wako, kisha kifua chako, kisha uso wako, na wewe mwenyewe ukaitoa ulikoificha.

Ndani ya mlango ule wanawake walivua mabuibui, wakaachia nywele, wakacheza. Wake za watu, mabinti walioposwa, mabibi wenye wajukuu. Hakuna mwanamume aliyeona, wala picha iliyotoka. Hilo ndilo lililowafanya wacheze, na Somo ndiye aliyelilinda.

Alikuwa somo wa mabinti wengi mtaani kwetu, mimi mmoja wao. Ulipovunja ungo mamako alikukabidhi kwake, naye akakufundisha usafi, adabu, na namna ya kukaa na watu. Siku ya ndoa ikikaribia alikufungia chumbani na kukwambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Ukoo wake na alikozaliwa sitavieleza. Wako wanaovijua kunishinda. Mimi namjua yeye alivyokuwa nasi.

Hakujua kusifu. Umpikie biriani iliyowatoa watu jasho kwa utamu, yeye alilamba kidole akasema, "Haidhuru." Tulipambania hiyo haidhuru kama watoto wanavyopambania peremende. Alijua nyimbo za unyagoni ambazo mpaka leo siwezi kuziandika, akaziimba bila kucheka, uso umetulia kama anasoma dua, halafu adhana ikisikika alikata mstari katikati na kuuliza, "Mswala u wapi?" Alizichukia kamera, lakini tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili hazikumpita hata moja. Alikaa mbele ya televisheni ya mama yangu akiwagombeza waigizaji. "Muone huyu! Mato makavu, ati alia!"

Nao wanaume walimwogopa. Siku moja bibi harusi alikuwa analia, si kile kilio cha desturi. Somo akamfungia chumbani akamuuliza, "Wataka au hutaki?" Binti akasema anamtaka mchumba, ila anataka kwanza amalize mtihani wake wa kidato cha nne, na babake amekataa. Somo akatoka akasimama mbele ya mlango wa chumba. Sheikh ameshakaa, halua imeshafunuliwa.

"Ngojani," akasema.

"Tungoje nini, Bi?" akauliza baba mtu.

"Nakungoja wewe. Uape hapa mbele ya sheikh kwamba mwana atarudi skuli. Usipoapa, mimi sibanduki hapa."

Walingoja kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Mwishowe baba akaapa. Binti yule sasa ni mwalimu Faza.

Nimetangulia na haya ili ujue nilikuwa nampelekea nani ombi langu, na kwa nini nilizunguka mtaa mzima mara tatu kabla ya kubisha hodi.

Kazi yangu ni kuandaa upigaji wa filamu. Si filamu kubwa: ni hizi za watu wachache wenye kamera moja na taa za kuazima. Mimi natafuta nyumba, vibali, chakula, watu. Rafiki yangu Njeri, mwongozaji kutoka Nairobi, alikuwa ameandika filamu fupi juu ya wanawake watatu wa kabare, wale wanaoimba na kucheza shoo kwenye mahoteli ya Mombasa wakiwa na nguo za kumetameta na manyoya kichwani. Katika hadithi yake wanawake hao wanaalikwa harusini kisiwani, na kwa mara ya kwanza wanacheza mbele ya wanawake wenzao, pasipo mwanamume wa kuwatazama. Hawakuwa waigizaji wa kujifanya. Alikuwa amewapata wachezaji wenyewe, kiongozi wao akiitwa Zuhura.

Nyumba niliipata Mkomani, ya mawe, yenye ukumbi mrefu na madirisha yanayotazama uwanja wa ndani. Mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani yake.

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini wanawake wa mtaa huu wakisikia kamera na ngoma vimeingia nyumba moja, watanitoa mui, nihame. Somo akikubali, nimekubali."

Zilikuwa zimebaki siku tisa tuanze kupiga filamu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliingia na simu ya kaka yangu kwenye harusi ya jirani. Niliifunga pajani kwa kitambaa, na Somo hakuniangalia vizuri kwa kuwa nilikuwa mwanawe wa kumfunza. Alasiri ile alicheza Rukia, msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na posa yake imeshajibiwa. Aliingia katikati ya duara kifua wazi kidogo, khanga kiunoni, na wanawake wakanyamaza kumtazama. Sijui nieleze vipi. Nilitaka tu kubaki nayo ile. Nikainyanyua simu nyuma ya bega la shangazi yangu.

Sikumtumia mtu. Lakini simu haikuwa yangu. Kaka yangu aliiona, akampa rafiki yake, na rafiki yake akawapa wengine, na baada ya siku nne ilikuwa inatazamwa gatini na wapagazi. Posa ya Rukia ikarudishwa. Babake akampeleka Siyu kwa jamaa zake, naye hakurudi tena kuishi Lamu. Na wanawake wakauliza: mlangoni alikaa nani? Kwa muda wa miaka miwili Somo hakuitwa kwenye harusi yoyote. Nilimwona akipita na kikapu chake akienda sokoni, watu wakimjibu salamu kwa nusu mdomo. Sikusema. Kaka yangu naye alidai ameipata kwa watu, na mimi nikamwacha aseme hivyo.

Ndiye huyu niliyekwenda kumwomba ruhusa ya kuingiza kamera.

Alinipokea kwa kahawa, akanisikiliza bila kunikatiza. Nilieleza habari za Njeri, hadithi, wale wanawake watatu. Nikasema tunataka awafundishe mwendo wa harusi za kwetu, wasije wakaigiza upuuzi. Nikasema hatutampiga picha mwanamke yeyote wa mtaani.

"Walete niwaone," akasema.

Nikawaleta. Njeri aliingia kwa haraka zake za Nairobi, "Shikamoo, shosh!" nikamfinya mkono na kumnong'oneza, "Hapa ni Bi." Zuhura na wenzake walikuwa wamevaa mabuibui, wamekaa kama wanafunzi walioitwa ofisini. Somo akasema wacheze. Walicheza shoo yao ya hotelini: mateke, mizunguko, tabasamu zilizoganda mdomoni. Walipomaliza walikuwa wanahema.

"Mwamchekea nani?" Somo akauliza.

Zuhura akatazama nyuma, kama kuna mtu. "Wageni, Bi. Watazamaji."

"Hapa hapana wageni. Funga mdomo, ucheze tena."

Walirudia mara saba. Aliwapunguzia kila kitu: mkono uteremke, bega litulie, kiuno kisirushwe. Mwisho Zuhura alicheza peke yake, macho chini, na nilisikia nywele zikinisimama. Somo akasema, "Haidhuru." Nikajua tumepita. Nikaanza hata kutabasamu.

Alipowatoa wageni akanizuia mimi. "Wewe keti."

Nikaketi.

"Nyumba mtaipata. Lakini kabla ya kamera hiyo kuingia, nenda Siyu. Ukamuombe ruhusa Rukia."

Nikajitia sielewi. "Rukia ana uhusiano gani na filamu, Somo?"

Aliinuka akaanza kukusanya vikombe, akinipa mgongo. "Ndia ya Siyu waiyua," akasema. "Nenda, kisha uye uniambie asemalo."

Alikuwa anajua. Sikujua tangu lini, wala nani alimwambia. Nilitoka pale, na Njeri aliyekuwa akiningoja nje akaniuliza, "Ni sawa? Amekubali?" Nikamwambia kuna jambo dogo limebaki.

Siku mbili nilijifanya nina shughuli. Nilitafuta taa, nilibishana na mwenye jenereta, nilihesabu mikeka. Siku ya tatu Njeri akaniketisha. "Sikia, hawa madada wana kazi zao Mombasa. Nikiwapoteza wiki hii, filamu imekufa. Hilo jambo dogo ni gani?" Nikamwambia nakwenda Siyu kesho.

Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikatushusha mbali, na pikipiki niliyoahidiwa haikuwapo. Nikaenda kwa miguu kati ya mashamba. Nilimkuta Rukia uani akipepeta ufuta, watoto wawili wakimzunguka. Alinitambua mara moja, akafurahi, akataka kuniwekea chai. Furaha yake ndiyo iliyonitesa zaidi. Nikamwomba asiweke chai kwanza.

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Simu, kitambaa, bega la shangazi, kaka yangu. Sikulia, niliogopa nikilia itakuwa yeye ndiye wa kunibembeleza.

Aliweka ungo chini. Akawaambia watoto waende nje. Akawa anafuta mikono yake kwa khanga ingawa haikuwa na kitu.

"Unayo?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo video. Unayo bado?"

"Sina. Ilifutwa zamani."

"Mimi sijaiona," akasema. "Wayua hilo? Gati nzima waliiona. Babangu alionyeshwa. Yule aliyenivunjia posa aliiona. Mimi nalipakiwa botini nikaletwa huku, na hata yeo siyui walichokiona." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Nalikuwa nimefanya nini? Nambie. Nalikuwa mchafu?"

"Hapana. Wallahi hapana."

"Nalicheza vipi?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote niliyokumbuka, alivyoingia, alivyoinamisha shingo, alivyozunguka taratibu mpaka wanawake wakanyamaza. Nikamwambia sijaona mtu aliyecheza vile tena, na kazi yangu nzima ni kutafuta watu wa kutazamwa. Alisikiliza amefumba macho. Kisha machozi yakamtoka, na mimi nikakaa chini kwenye mavumbi.

Nilipomweleza habari za filamu na kwamba Somo ndiye aliyenituma, alicheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Somo huya hapa kila mwaka baada ya Idi. Hunisuka nywele. Hajanambia hata siku moja kuwa ni wewe."

"Unawaruhusu wacheze?"

"Hao wamenikosea nini? Wacheze." Akanitazama. "Lakini wewe sikusamehe. Usije ukaenda ukasema Rukia kanisamehe. Sikusamehe. Nenda, maji yataka kujaa."

Nilirudi Lamu jioni, nikaenda kwa Somo moja kwa moja na matope miguuni. Alikuwa anakata kisamvu.

"Asemaje?"

"Amesema wacheze. Lakini mimi hajanisamehe."

Kisu kikasimama. "Basi ni kweli umekwenda," akasema. Nikatambua kwamba ningemletea habari ya msamaha, asingeniamini, na nyumba tusingeipata.

Nikamwambia pia lile lililonichoma, kwamba Rukia hajapata kujiona. Hakulijua. Aliweka kisu, akakisukuma kisamvu kando.

Kesho yake alikuja mwenyewe kwenye ile nyumba tulikokuwa tukipanga vitu. Alisimama katikati ya ukumbi na kutoa masharti yake kana kwamba filamu ni yake. Kwanza, mpiga kamera wa Njeri, kwa kuwa ni mwanamume, hataingia wakati wa kucheza.

Njeri akaruka. "Bi, huyu nimefanya naye kazi miaka mitano. Siwezi kupiga bila yeye!"

"Wewe una mikono?"

"Ninayo, lakini..."

"Basi shika wewe."

Sharti la pili lilikuwa zito zaidi. Kila mchezo ukishapigwa, aliyecheza aone wa kwanza, kabla ya mwongozaji, kabla ya yeyote. Akisema ifutwe, ifutwe mbele yake.

"Hapana," Njeri akasema. "Hiyo hakuna mwongozaji duniani anaikubali. Bi, nakuheshimu, lakini hapana."

Wakatazamana. Zuhura na wenzake waliacha kushona shanga zao. Mimi nilisimama katikati, nikahisi filamu inatoka mikononi mwetu kama samaki. Nikamvuta Njeri msanani, kile chumba kirefu cha kando ya uwanja, nikamweleza yote: mimi ni nani katika mtaa huu, na nilimfanya nini Rukia. Hakuninyooshea kidole. Aliketi kwenye ngazi, akashika kichwa. "Ungeniambia Nairobi," akasema. Halafu akarudi ukumbini akasema, "Sawa. Tunajaribu leo."

Siku ile ya majaribio ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko siku za kupiga filamu yenyewe. Mlangoni alikaa Somo. Ndani, Njeri alishika kamera kwa mikono ambayo haikuzoea uzito ule. Zuhura alicheza peke yake, bila manyoya, bila tabasamu, jua la saa kumi likiingia uwanjani. Katikati ya mchezo, khanga ya kichwa ikamteleza, naye hakuinyanyua. Aliendelea, uso wazi, kama mtu aliyesahau kuwa ana uso. Njeri akazima kamera. "Hiyo ndiyo filamu," akaninong'oneza. "Hiyo hapo ndiyo filamu yote."

Somo, aliyeuona mchezo wote kutoka mlangoni, akaingia. "Aone."

Zuhura akaitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, mara mbili. Kisha akasema, "Naomba hii ifutwe."

"Zuu, tafadhali," Njeri akasema. "Tafadhali. Hujafanya kitu kibaya hapo."

"Najua. Ni nzuri." Zuhura alikuwa anaongea kwa shida. "Mama yangu anajua nafanya kazi hotelini, hajui kazi gani. Yule wa manyoya na rangi, mama hawezi kumjua hata akimwona. Lakini huyu hapa ni mimi. Sijawa tayari mama anione kabla sijamwambia mwenyewe."

Njeri alinitazama, kisha akamtazama Somo, labda akitumaini yeye aliyempa Zuhura haidhuru yake angelegea. Somo mwenyewe alikuwa amelipenda lile, nililiona usoni pake, lakini mkono wake ulikuwa umeshamshika Zuhura begani. Njeri akabonyeza. Ikafutika. Akaenda kusimama dirishani, mabega yakimcheza.

Filamu tuliipiga siku tatu zilizofuata. Zuhura alicheza tena, vizuri, si kama siku ile. Waliposikia habari ya picha ile kufutwa, wanawake kumi na wawili wa mtaani walijitolea kukaa kwenye duara wakiwa wamejifunika. Kabla ya hapo hata mmoja hakutaka. Filamu ikaonyeshwa mahali kadhaa, watu wakaipenda kiasi. Zuhura alimwambia mamake miezi miwili baadaye kwa simu, na mama alikaa wiki tatu bila kupokea simu zake, kisha akapokea.

Na Somo akaanza kupoteza macho. Alihamia Faza kwa binti wa dadake, na kila nilipokwenda alikuwa amekaribia zaidi televisheni, mpaka siku moja nikamkuta ameiwekea sikio tu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari walipokuja hospitalini Lamu nikaenda kumchukua. Jicho alilopasuliwa lilipona, alhamdulillahi, nalisema mapema usije ukashikwa na wasiwasi kama niliokuwa nao mimi.

Asubuhi ile tulikaa kwenye benchi la kungojea, yeye na mimi, mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa baridi. Sikuwa nimewahi kumjua akiogopa.

"Nieleze," akasema. "Watanifanyani? Usinifiche kitu."

Nikamweleza polepole. Matone ya kutia ganzi, taa kali, kitambaa usoni kitakachoacha jicho moja, daktari akisema usitikisike.

"Daktari ni mwanamume?"

"Ndiyo, Somo. Lakini muuguzi mwanamke atakuwa hapo, nimemwomba."

"Nitaumia?"

"Kidogo. Mwanzo."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Nikaona ndiyo saa yangu, nikauliza lile nililolibeba tangu siku ya Siyu. "Somo, kwa nini hukuwaambia kuwa ni mimi? Walikutenga miaka miwili."

"Wewe ulikuwa mwana wa miaka kumi na mitano," akasema. "Mtu mzima mlangoni nalikuwa mimi." Kisha, kwa sauti kali kidogo: "Lakini nalikungoja uye mwenyewe. Ulikawia mno. Ulinikasirisha sana, mwanangu."

"Nisamehe."

"Mimi nimeshakusamehe zamani, mimi si wa kuhesabiwa. Rukia je?"

"Bado. Nimekwenda mara mbili. Mara ya pili alinipa chai, tukanywa kimya."

"Endelea kwenda."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoka na karatasi akasoma jina. Jina kamili la mwanamke, lake, la babake na la babu. Nilitazama benchi zima kumtafuta mwenyewe, na hakuna aliyeinuka. Nilikuwa nimemjua Somo maisha yangu yote, na jina lake sikulitambua.

"Labeka," akasema Somo, kwa sauti ya msichana aliyeitwa na mamake, akainuka.